Je, tufafanue wema kwanza?

Nafundisha somo la maadili katika chuo kimoja hapa Arusha, darasa la jioni. Wanafunzi wangu ni watu wazima waliotoka kazini: wahasibu, makarani wa maghala, muuguzi mmoja, na madereva wa watalii ambao msimu ukichanganya hupotea wiki mbili kisha wanarudi na vumbi la mbugani kwenye viatu. Muhula huu, siku ya kwanza kabisa, sijamaliza hata kuandika mada ubaoni, dereva mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Kabla hatujafika mbali, si tukubaliane kwanza wema ni nini? Maana tukianza kusema hiki chema, hiki kibaya, na neno lenyewe hatujalifafanua, tutakuwa tunajenga nyumba hewani."

Darasa likaitikia kwa kichwa. Nikaliandika swali lake pembeni ya ubao, na kila wiki mtu akija kufuta ubao nilimwomba aliache. Makala hii ni jibu nililompa kidogo kidogo kwa muhula mzima. Nasema hivi: somo la maadili halisubiri fasili ya wema ndipo lianze. Ila yapo maneno mengine, madogo kuliko wema, ambayo tusipoyafafanua kwa makini kuna watu wanaumia, na huko ndiko nguvu zetu zinakotakiwa kwenda.

Nianze na maharage. Siku mbili kabla ya darasa hilo nilikuwa sokoni, kwenye foleni ya mtu wa nafaka. Alikuwa kijana, mchangamfu, anajaza sado, lile kopo la kupimia, kwa mikono miwili, analitikisa, anarundika kichuguu juu mpaka punje zinateleza pembeni. Mama aliyekuwa mbele yangu hakukitazama kichuguu. "Hebu mwaga hayo, nipe hilo kopo." Akaligeuza, akapitisha kiganja kwenye kitako. Kilikuwa kimegongwa kuingia ndani. Alipokunja ngumi ikakaa humo kama imepimiwa. "Mwanangu," akasema bila kupaza sauti, "hivi si vyema. Unaniibia huku unanichekea."

Kijana yule hakumuuliza neno "vyema" lina maana gani. Aliinama, akatoa chini ya meza kopo jingine, lenye kitako kizima, akapima upya. Hilo kopo la pili ndilo lililonishika. Lilikuwepo pale muda wote. Maana yake alijua.

Sasa rudi kwa dereva wangu. Swali lake lina umri wa zaidi ya miaka 2,400. Katika maandishi ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, yuko mwalimu wake Sokrates, anasubiri kesi yake mwenyewe kule Athene mwaka 399 K.K., anakutana na mtu anayeitwa Euthyphro aliyekuja kumshtaki baba yake mzazi. Kibarua wao, akiwa amelewa, alimuua mtumwa wa nyumbani. Baba akamfunga kamba, akamtupa shimoni, akatuma mtu mjini kuulizia la kufanya. Kabla majibu hayajarudi kibarua akafa kwa njaa na baridi. Euthyphro ana hakika kwamba kumshtaki baba ndiko kumcha Mungu. Sokrates anamwambia: kama una hakika hivyo, basi niambie kumcha Mungu ni nini. Si mfano wa kumcha Mungu, chenyewe hasa. Euthyphro anajaribu mara hii na mara hii, kila jibu linaporomoka, mwisho anakumbuka ana shughuli mahali na kuondoka.

Kwa karne nyingi wasomaji wametoka hapo wakiamini Sokrates kamuumbua mtu asiyejua anachosema. Peter Geach, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika mwaka 1966 kwamba hapo pana kosa, na kosa ni la Sokrates. Kudai kwamba mtu hajui jambo mpaka alifafanue ni kudai kitu ambacho hakuna maarifa yoyote yanayokitimiza. Tunajua mambo chungu nzima ambayo hatuwezi kuyafafanua, na mara nyingi mifano mizuri hutufaa kuliko fasili. Mimi nakubaliana naye, na nadhani msiba wa mazungumzo yale ni kibarua aliyekufa shimoni. Kurasa zinapita watu wakibishana neno, naye anatajwa kwa kupita tu.

Fikiria kilo. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa uzito wa kipande kimoja cha platini na iridi kilichofungiwa Sèvres, jirani na Paris. Tarehe 20 Mei 2019 fasili hiyo ikaachwa, na sasa kilo inafasiliwa kwa tarakimu ya fizikia inayobeba jina la Planck. Siku hiyo hakuna mwenye duka Arusha aliyefunga mlango akisubiri. Nyama ilipimwa, sukari ikapimwa, na aliyepunjwa robo alijua kapunjwa.

Nilipotoa mfano huu, muuguzi wangu alinikatiza, na alikuwa na haki. "Lakini Mwalimu, kilo ina mizani. Mkibishana mnaweka juu ya mizani, kwisha. Wema mizani yake iko wapi?"

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote katika somo hili. Jibu nililo nalo ni kwamba tunaanza na mambo ambayo tuna hakika nayo kabisa, kama lile kopo, kisha tunatafuta kanuni inayoyaeleza, kisha tunaijaribu kanuni kwenye mambo mengine. Ikikataa, ama tunairekebisha kanuni ama tunakubali kwamba tuliona vibaya pale mwanzo. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mwanafalsafa John Rawls wa Marekani alieleza utaratibu huo katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1971, na katika hotuba ya mwaka 1974 akasema waziwazi kwamba uchunguzi wa maadili unaweza kusonga mbele bila kusubiri mabishano ya maana ya maneno yamalizike. Haifanani na mizani ya dukani. Inafanana zaidi na wazee wanaosuluhisha mpaka wa shamba: wanaanzia kwenye yale masale ambayo pande zote mbili zinakubali yalipandwa na babu, kutoka hapo wanavuta kamba.

Lakini tusiliache neno lenyewe hivi hivi, kwa sababu Kiswahili kina cha kutufundisha hapa. Kiingereza hubebesha neno moja kisu, chakula, daktari, mvua na mtu. Sisi tunagawa. Tunasema kisu kizuri, chakula kizuri, maji mazuri. Hakuna anayesema maji mema. Mtu ndiye tunamwita mwema, na jambo tunaliita jema. Mhasibu mzuri ni yule ambaye vitabu vyake vinakubali mpaka senti ya mwisho. Mhasibu mwema ni habari nyingine, na mwajiri aliyewahi kuibiwa na mhasibu mzuri anaijua tofauti. Wazee wanaomtafutia kijana mchumba nao hawachanganyi binti mzuri na binti mwema.

Halafu kuna kona nyingine. Tunatakiana safari njema, usiku mwema, tunapokea habari njema. Safari haina tabia. Hapo "-ema" ni heri, ni mtu kufikiwa na mambo yanayomfaa. Kwa hiyo ndani ya neno hili moja yamo mawili: tabia ya mtenda na heri ya mtendewa. Ukisikia watu wanabishana kwa saa nzima kama jambo fulani ni jema, chunguza kama mmoja hazungumzii moyo wa aliyetenda na mwingine hali ya aliyetendewa. Mabishano mengi ya darasani kwangu yameisha hapo hapo, na hatukuhitaji fasili ya wema; tulihitaji kujua tumeshika pande mbili tofauti.

Geach huyohuyo, katika makala ya mwaka 1956, alisema neno la sifa la namna hii halisimami peke yake. Linaegemea jina lililo mbele yake. Gari zuri kwa dereva wa kushuka bonde la Ngorongoro si gari zuri la kumbeba bibi harusi. Ukitaka kujua uzuri wa kitu, uliza kwanza ni kitu gani na ni cha kazi gani. Je, mtu naye? Mtu ni wa kazi gani? Aristotle aliliuliza swali hilo hilo zamani, akajibu kwa akili na matendo yanayofuata akili. Mswahili anajibu kwa neno utu. Tukimwona aliyemtelekeza mzazi wake mgonjwa tunasema "yule si mtu", na kila anayesikia anaelewa, ingawa mhusika ana miguu miwili na kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo wema ni kuufikia utu. Najua mtu ataniambia nimesogeza swali tu: sasa eleza utu. Kweli nimelisogeza. Lakini nimelisogeza mahali penye mwanga zaidi, kwa sababu kuhusu utu tunayo mifano, misiba, harusi, majirani na wagonjwa wa kuuliza.

Mwaka 1903, mwanafalsafa G. E. Moore wa Cambridge alitoa kitabu, Principia Ethica, kilichofunga mjadala huu kwa watu wengi. Alisema wema haufafanuliki kabisa. Farasi unaweza kumfafanua kwa kutaja viungo vyake. Rangi ya manjano huwezi: ama mtu ameiona ama hajaiona. Wema, akasema, ni kama manjano. Kipimo chake ni rahisi na kinaingia vizuri katika "je" ya Kiswahili. Chukua fasili yoyote, tuseme wema ni kile kinacholeta raha. Sasa uliza: hili linaleta raha, lakini je, ni jema? Kama fasili ingekuwa sahihi swali hilo lingekuwa la kipuuzi, kama kuuliza "huyu ni kapera, lakini je, hajaoa?" Ila si la kipuuzi. Linabaki wazi, mtu mwenye akili timamu anaweza kuliuliza. Basi raha na wema si maana moja. Na kila fasili utakayoleta, alisema Moore, itakumbana na swali hilo hilo.

Wanafunzi wangu huona hoja hii kama kiini macho, mpaka niwaletee historia ya mji wao. Tarehe 26 hadi 29 Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana hapa, na tarehe 5 Februari likatangazwa Azimio la Arusha. Ndani yake kuna masharti ya uongozi. Waliotunga hawakuandika "kiongozi awe mtu mwema". Wangeandika hivyo kila mtu angesaini na kwenda nyumbani kulala. Waliandika kwamba kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na wakafafanua neno lenyewe "kiongozi": ni mwanamume, au mwanamume na mkewe, ni mwanamke, au mwanamke na mumewe. Soma sentensi hiyo ya mwisho taratibu. Mtu aliyeiandika alikuwa anaiona kabisa nyumba ya kupangisha ikihamia kwenye jina la mke wiki moja baada ya Azimio.

Sasa weka kipimo cha Moore. Huyu hana hisa, mshahara wake ni mmoja, nyumba ya kupangisha hana. Lakini je, ni kiongozi mwema? Swali liko wazi kama mlango wa msikiti. Anaweza kuwa mkatili, mvivu, mbabe kwa wanyonge. Kisha mwaka 1991, chama, wakati huo kikiitwa CCM, kikiwa kimekutana Zanzibar, masharti yale yalilegezwa: kiongozi akaruhusiwa hisa, akaruhusiwa kupangisha, akaruhusiwa mshahara wa pili. Kama masharti ndiyo yangekuwa maana ya uongozi mwema, basi kitendo kilekile kilichokuwa kibaya jana kingegeuka chema baada ya kikao. Hakuna aliyeelewa hivyo, wala waliounga mkono badiliko. Waliolipinga walisema tumeacha jambo jema. Waliolitetea walisema masharti yale yalikuwa yanabana bila kuzuia ubaya wenyewe. Pande zote mbili zilikuwa zikizungumzia kitu kilicho nyuma ya masharti. Kila ninapopita kwenye Mnara wa Azimio nikielekea darasani hilo hunijia: watu waliokuwa na hakika ya walichokitaka, na walioacha kukifafanua hicho ili wafafanue mianya.

Hata hivyo Moore hakumaliza kila kitu, na si haki kumpa ushindi mzima. Swali kubaki wazi vichwani mwetu si ushahidi kwamba vitu viwili ni tofauti. Kwa karne nyingi mtu angeweza kuuliza, "haya ni maji, lakini je, ni haidrojeni na oksijeni?" na swali likawa la maana kabisa, kwa kuwa hakuna aliyejua. Leo tunajua kwamba ni kitu kimoja. Nyota ya alfajiri na nyota ya jioni wahenga waliziona mbili; ni sayari ileile, Zuhura. Kwa hiyo huenda siku moja uchunguzi ukatuonyesha wema ni nini hasa. Sikatai. Lakini angalia fasili ya namna hiyo inakuja lini. Hakuna aliyesubiri kemia ndipo achote maji. Watu walichota, wakaonja, wakatofautisha ya kisima na ya bwawa, wakaugua na kupona, na baada ya yote hayo ndipo muundo wake ukajulikana. Tungekataa kuyaita maji mpaka tujue muundo, tusingekuwa na cha kuchunguza.

Hapa kwetu maji yana somo la pili. Watu wengi waliokulia kuzunguka Mlima Meru, na wengine upande wa Kilimanjaro, tuna meno yenye rangi ya kahawia. Nikiwa mtoto tuliambiwa hatupigi mswaki. Maji yenyewe yalikuwa meupe, baridi, matamu. Mgeni angeyaita mazuri. Ni mwaka 1931 kule Marekani ndipo wanakemia walitambua kwamba madoa ya namna hii husababishwa na floridi, madini ambayo miamba ya volkano hutoa kwa wingi. Ikizidi sana hudhuru hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa kuwa vyanzo vingi vingefungwa kwa kipimo hicho, iliruhusu kwa miaka mingi mpaka miligramu 8, baadaye 4. Kwa hiyo "maji salama" ni neno lenye pande mbili: upande mmoja ni ugunduzi, madhara ni madhara hata ukiyaita jina gani, upande wa pili ni uamuzi, mahali fulani watu walikaa wakachagua namba wakijua kuna watoto watakaobaki ng'ambo ya mstari. Fasili kama hiyo ina meno ya watu ndani yake. Mimi yangu yamo.

Na hapo ndipo nilipotaka kumfikisha dereva wangu. "Wema" linaweza kusubiri. "Salama", "rushwa", "ridhaa", "ujira wa haki" hayawezi.

Chukua takrima. Neno zuri, la heshima: kumkirimu mgeni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi nchini ilirekebishwa, ikasema jambo linalofanywa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa kimila lisihesabiwe kuwa hongo kwa mpiga kura. Papo hapo pilau, kanga na bia za kampeni zikapata jina la adabu. Mashirika matatu ya kutetea haki yakaenda Mahakama Kuu Dar es Salaam, na Aprili 2006 mahakama ikavitupa vifungu hivyo kwa kuwa vinakiuka Katiba. Hakuna jaji aliyeulizwa wema ni nini. Kilichobishaniwa ni mpaka kati ya kumkirimu mtu na kumnunua, na nani ananufaika mpaka huo ukiachwa na ukungu. Mwenye fedha ndiye anayekirimu. Asiye nazo anashindana mikono mitupu, na ukarimu wa babu zetu unatumika kama pazia.

Mfano wa mwisho ni mzito, na ulitokea hapa hapa, katika majengo ya mikutano ya kimataifa ambayo wakazi tunayaita AICC. Humo ndimo ilimokaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, kwa mauaji ya kimbari. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kutoa hukumu ya kosa hilo. Mashtaka ya awali hayakuwa na ubakaji. Mashahidi walipoanza kuusimulia kizimbani, mashtaka yalirekebishwa mwaka 1997, na majaji wakajikuta na kazi ya ajabu: sheria ya kimataifa haikuwa na fasili ya ubakaji. Wakaitunga. Walisema ni uvamizi wa kimwili wenye sura ya kingono, anaotendewa mtu katika mazingira ya shuruti. Walikataa kwa makusudi kuorodhesha viungo vya mwili na vitu, wakasema kiini cha kosa hili, kama cha utesaji, hakishikwi kwa maelezo ya kimashine. Miezi michache baadaye mahakama ya kimataifa ya makosa ya iliyokuwa Yugoslavia kule The Hague ikachukua njia ile ya kuorodhesha. Wanasheria wanabishana mpaka leo.

Nimeisoma hukumu hiyo na darasa mara kadhaa, na kila mara ukimya huingia. Wanawake waliotoka Taba hawakuhitaji majaji wawaambie kwamba walichotendewa ni uovu. Walijua kabla ya fasili na wangejua bila fasili. Lakini bila hiyo, kilio chao kingebaki nje ya karatasi ya mashtaka, kama jambo la pembeni la vita. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba fasili hutumika kuziba mianya tu. Hukumu hii ilinibadilisha. Fasili nyingine humfanya mtu aonekane.

Kuna waliosema bora tuache haya yote, kwa kuwa neno "wema" halitaji kitu. Mwanafalsafa A. J. Ayer wa Uingereza mwaka 1936 aliandika kwamba kusema jambo ni baya ni kama kuguna tu kwa kuchukizwa. Sitakaa kwake sana. Yule mama wa maharage hakuguna. Alitoa sababu, akaonyesha kitako cha kopo, na sababu ile ingemshika muuzaji yeyote wa soko lolote.

Nami nimejifunza kuangalia ni nani anayedai fasili ya wema, na ni lini. Dereva wangu aliuliza kwa moyo safi, siku ya kwanza, akiwa na njaa ya kuelewa. Lakini nimekaa vikao ambavyo mtu aliyebanwa kwa hesabu zisizokubali ameegemea kiti na kusema, "Tatizo mnatumia neno uadilifu bila kulifafanua." Swali ni lile lile, ila hapo limekuja kuchelewesha. Anayeuliza kweli hukubali mifano. Anayekwepa huikataa yote, mmoja mmoja, kama Sokrates, ila bila nia ya Sokrates.

Jumanne iliyopita dereva wetu alirudi baada ya wiki mbili. Alikuwa amebeba jambo. Mdogo wake ni mpagazi Mlima Kilimanjaro, na kundi lake lilikuwa limeshuka na bahashishi moja ya pamoja kutoka kwa wageni, ikazuka ugomvi wa kugawana. Kiongozi wa safari alitaka sehemu kubwa kwa kuwa dhamana ni yake. Wapagazi walitaka sawa kwa sawa, maana kila mmoja alibeba kilo 20 zilizopimwa getini. Mmoja wao alikuwa ameugua kambi ya pili akashushwa, mzigo wake wakagawana wenzake. Je, apate nusu, apate yote kwa kuwa ana watoto, au asipate?

Mhasibu akatoa kalamu. Muuguzi akasema mgonjwa haadhibiwi kwa kuugua. Karani wa ghala akasema hatumwadhibu, lakini waliobeba mara mbili nao wana migongo. Nikagawa ubao sehemu tatu: kwa usawa, kwa kazi, kwa shida ya mtu, na tukaanza kuweka majina chini ya kila moja, kisha kuyahamisha, kisha kuyarudisha. Swali la siku ya kwanza lilikuwa bado pale pembeni, chaki imefifia, na nafasi ilipotuishia dereva mwenyewe ndiye aliyesimama akalifuta kwa kiganja ili tupate pa kuandika.

Mlinzi alishapita mara mbili akitikisa funguo. "Sawa, tunaondoka," dereva akamwambia, macho yake yakiwa ubaoni. "Lakini jamani, mpishi tunamweka wapi? Hakubeba kilo 20, ila ndiye aliyeamka saa tisa usiku."